Mtandao wa chuo na eduroam baada ya kuhamia IPv6: maoni kutoka dawati la maktaba, Mombasa

Nyota nne kwa tano. Ile ya tano nimeizuia makusudi na sababu yake ntaisema huko chini, lakini hizi nne nawapa kwa moyo mkunjufu. Nazungumzia huduma ya intaneti ya chuo chetu hapa Mombasa, jina naliacha kwa sababu mimi ni mfanyakazi wa hapo, tangu tulipohamishwa kutoka IPv4 peke yake, ule mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, tukawekwa kwenye IPv4 na IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi mno, kwa pamoja, na pia eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo, ambayo ilikuja msimu huohuo. Mimi si fundi wa mitandao. Nko maktaba, upande wa majarida ya mtandaoni, na yeyote anaeijua kazi hii atakwambia kwamba mtandao ukileta shida wanafunzi hawaendi ofisi ya ICT, wanakuja maktaba, kwa hivo mabadiliko haya nimeyatazama kutoka pale shida zinapofika kwanza.

Naandika kwa sababu naskia vyuo vingine vya huku Pwani viko mbioni kufanya kitu hichohicho, na wakubwa wengi wanadhani kuhama itifaki, yaani zile kanuni ambazo kompyuta zinatumia kuongea, ni kununua ruta mpya na kuita mkandarasi basi. Sivyo. Ruta na kebo ndio sehemu nyepesi. Kazi yenyewe iko pembezoni, kwenye printa, kwenye simu ya mwanafunzi, kwenye fomu ya mchapishaji aliyeko ng'ambo, na hapo ndipo huduma inapopata nyota au inapozikosa.

Tulikotoka kwanza. Kila kifaa kinachoingia intaneti lazima kiwe na anwani, na anwani za IPv4 kwa jumla yake ni kama bilioni 4.3 dunia nzima, wakati zinapangwa zilionekana hazitaisha. Februari 2011 IANA, inayosimamia anwani za dunia nzima, iligawa mafungu ya mwisho kwa mashirika ya kanda, na AFRINIC, inayotugawia sisi Afrika kutoka Mauritius, ikaanza kubana 2017 halafu ikabana zaidi 2020. Sasa chuo kina wanafunzi maelfu, kila mmoja ana simu na wengine laptopu juu yake, anwani za kumpa kila mtu yake hazipo, kwa hivo wote wanasukumwa nyuma ya anwani chache kwa njia ya NAT. Ni sawa na mtaa mzima kutumia S.L.P. moja pale Posta: barua zafika, lakini huko nje mnaonekana mtu mmoja, na mmoja wenu akiharibu mnaadhibiwa nyote.

Na sisi tuliadhibiwa sana. Kuna kijana alitega programu usiku ikawa inadaunlodi toleo baada ya toleo la jarida moja la udaktari, labda alidhani anasaidia wenzake, na mfumo wa mchapishaji ukaona anwani moja inavuta makala mamia kwa mkupuo ukaifunga palepale. Anwani ile ndio ilikuwa ya karibu jengo zima. Asubuhi yake watu wa uzamili wako kwenye dedilaini ya tasnifu, wanafungua jarida, limefungwa, na mimi nimekaa naandika barua za kumwomba mchapishaji radhi na kumuahidi kwamba tutamtafuta mhusika, na mhusika hatuwezi kumjua kwa sababu wote wametoka kwa mlango mmoja. Hapo bado sijataja ule mtihani wa kuchagua picha za taa za barabarani kila mtu akitaka kutafuta kitu, mpaka wanafunzi wakaona heri wanunue bando.

Niseme wazi kwamba tatizo halikuwa wingi wa data. Mtandao wa taifa wa vyuo, KENET, upo tangu 1999, na nyaya za chini ya bahari zimetia nanga hapahapa kwetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy 2010, na wale tuliokuwepo enzi za setilaiti twajua ile ilikuwa dunia nyengine kabisa. Njia ni pana. Kilichobana ni anwani.

Kabla ya kuhama nlisoma kidogo jinsi wenzetu walivyohama zamani, maana hii si mara ya kwanza mtandao wa vyuo kubadilishwa itifaki watu wakiwa ndani wanautumia. Marekani, kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, waliweka siku: tarehe 1 Januari 1983 ile itifaki ya zamani, NCP, inazimwa na TCP/IP, ambayo intaneti inaitumia mpaka leo, inabaki peke yake. Mwaka 1982 walishaizima kwa majaribio kwa siku nzima ili wale waliokuwa wakichelewa waone kwamba si maneno matupu, na bado kuna waliokutwa hawajajitayarisha, na waliovuka walitengenezewa beji za kuvaa. Kule kulikuwa na kompyuta mamia tu na watu wanajuana, amri ikawezekana.

Uingereza ndio kisa chenye faida zaidi kwetu. Mtandao wao wa vyuo, JANET, ulianza rasmi Aprili 1984 ukitumia X.25, njia ya zamani ya kusafirisha data, na itifaki zao wenyewe zilizoitwa kwa rangi za majalada ya vitabu vyake, kitabu cha buluu kwa kuhamisha faili, cha kijivu kwa barua pepe, na mpango wa serikali na wakubwa ulikuwa baadae wahamie itifaki za OSI, zile za viwango vya kimataifa. TCP/IP haikuwa kwenye mpango. Lakini watafiti walitaka kuongea na wenzao wa Marekani, na ndani ya vyuo kompyuta za Unix zilikuwa tayari zinakuja na TCP/IP ndani yake. Pale chuo kikuu cha UCL mjini London, mtafiti Peter Kirstein alikuwa ameshaunganisha na ARPANET tangu 1973, na barua pepe ilivuka kwa lango kati ya dunia mbili. Hata majina waliandika kinyume, sisi leo tunaandika cs.ucl.ac.uk, wao waliandika uk.ac.ucl.cs, na ilipofika wakati Czechoslovakia ikapewa .cs, lango likikutana na jina kama hilo halijui kama barua ni ya idara ya kompyuta ya chuo fulani au ni ya Prague. Mwisho wake mwaka 1991 walianza jaribio la kupitisha IP, ile ya TCP/IP, juu ya uleule mtandao wa X.25, bila kumzimia mtu chochote. Ndani ya miezi michache data za IP zikawa nyingi kuliko za X.25, Novemba mwaka huohuo ikawa huduma rasmi, na X.25 yenyewe waliiachia mpaka 1997 ndipo wakaifunga. Miaka kama sita mifumo miwili inaishi nyumba moja.

Watu wetu wa ICT walichagua njia hiyo ya Uingereza, na nawasifu. Hawakuzima kitu. IPv4 ilibaki vilevile na IPv6 ikawashwa pembeni yake, jengo baada ya jengo, wakaanza na lao wenyewe, halafu maabara, halafu maktaba. Hakuna siku hata moja ambayo chuo kizima kilikosa intaneti. Mashallah, hapo nawapa nyota mbili peke yake.

Lakini kuishi na mifumo miwili kuna shida yake ambayo hatukuambiwa, na ndio jambo kubwa nililojifunza: ukizima cha zamani siku moja, kilichovunjika kinapiga kelele siku hiyohiyo, watu wanakimbia wanatengeneza. Vikiwa viwili, kilichovunjika kinanyamaza. Simu ya kisasa inajaribu IPv6, ikiona inachelewa kidogo inaruka kwenye IPv4, haikwambii kitu. Kwa hivo upande mmoja waweza kuwa mbovu wiki nzima na kinachoonekana ni mambo ya ajabu ajabu tu, leo kitu chafanya kazi kesho hakifanyi, na mtu akija kulalamika anaonekana kama hajui anachosema.

Alikuja dada mmoja wa uuguzi, anaandika tasnifu yake, akaweka laptopu juu ya dawati langu. "Shikamoo mama. Asubuhi nliifungua makala hii hii nikiwa kiti kile pale, saa hizi yaniambia nilipe dola."

"Marahaba mwanangu. Hukubadilisha akaunti?"

"Wallahi sijagusa kitu."

Nikatazama. Ukurasa wa mchapishaji umefunguka vizuri kabisa, picha zote zipo, muhtasari upo, na chini yake kile kisanduku cha kununua makala kwa dola thelathini na kitu, kwa jarida ambalo tumeshalilipia kupitia muungano wa maktaba wa KLISC. Nikamwambia afungue ule ukurasa wa kuonesha anwani yako. Badala ya zile namba nne zenye nukta nilizozizoea, nikaona namba ndefu yenye herufi na nukta mbilimbili inayoanza na 2c0f. Hapo ndio nikaelewa. Wachapishaji wengi hawamtambui msomaji kwa jina, wanamtambua kwa anwani anayotokea, na sisi miaka yote tumewaandikisha anwani zetu za IPv4. Asubuhi laptopu yake ilipita IPv4, ikatambuliwa ni ya chuo. Adhuhuri ilipita IPv6, na kwa mchapishaji huyo ni mtu asiyejulikana wa kutoka popote duniani. Mtandao unafanya kazi sawasawa, ruta hazina kosa, na mwanafunzi amefungiwa nje.

Nlimpigia fundi wetu. "Fundi, hizi anwani mpya mumewaandikia wachapishaji?"

Akanyamaza kidogo. "Bi mkubwa, sisi tulijua hiyo ni kazi ya maktaba."

Na maktaba haikuambiwa kwamba siku ya kuwasha imefika. Hiyo ndio nyota niliyoizuia na ntairudia.

Kurekebisha kulikuwa rahisi kwa wengine na kugumu kwa wengine. Chuo kimepewa kifungu kimoja cha /48, ambacho ndani yake mnatoka mitandao midogo 65,536, kwa hivo kimsingi ni mstari mmoja tu wa kumtumia kila mchapishaji, si orodha. Wale wakubwa wengine walikuwa tayari, unaweka kwenye fomu, kesho yake imekubali. Lakini kuna mmoja fomu yake haikubali kitu chochote zaidi ya namba nne na nukta tatu, nikiandika nukta mbilimbili inageuka nyekundu, nikawaandikia huduma kwa wateja na wakanijibu niwatumie anwani "kwa muundo wa kawaida". Mwengine alikubali kwa maandishi halafu hakuiingiza kwenye mfumo. Kwa hao ICT wakatuwekea proksi, yaani seva ya kati, msomaji anaingia kwa akaunti ya chuo halafu proksi inatoka nje kwa IPv4 inayojulikana, na ikaleta faida ambayo hatukuitegemea, kwamba sasa mwanafunzi aliye nyumbani Kisauni au Changamwe anasoma jarida bila kuja chuoni. Kama mngeniuliza mimi, chuo chochote kinachotaka kuhama kianze na proksi hii na akaunti za wanafunzi kabla hata ya kugusa ruta.

Na sasa faida ya kuhama inaonekana. Yule mtu wa kudaunlodi usiku alitokea tena, safari hii mchapishaji alifunga anwani ile moja tu na kututumia taarifa, sisi wengine tukaendelea kusoma, na ule mtihani wa picha za taa umepungua sana. Mwanafunzi wa uzamili hajui kama kulikuwa na tatizo.

Kisa cha pili ni cha kampasi yetu ndogo ng'ambo ya Likoni, na hichi kiliniuma zaidi. Kule wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba wanatafuta makala, matokeo yanakuja, wanabofya PDF, skrini inabaki nyeupe. Haisemi kosa, haisemi subiri, nyeupe tu. Tovuti nyepesi zinafunguka. Wakienda kwa simu kwa bando inafunguka. Wakija kisiwani inafunguka. Kwa hivo wakawa wanapanda feri na flashi mkononi kuja maktaba kudaunlodi PDF halafu wanarudi, na kuna mama mmoja mwalimu anaesoma digrii ya jioni alikuwa akifanya hivo na mtoto mgongoni.

Ilichukua wiki kadhaa kujulikana na fundi aliyeigundua alikuja mwenyewe kunieleza, na nlimshukuru kwa hilo. Kampasi ile imeunganishwa na kubwa kwa handaki, yaani njia ya data inayopita ndani ya mtandao mwengine, na ndani ya handaki pakiti, kifurushi cha data, haiwezi kuwa kubwa kama zile baiti 1,500 za kawaida. Kwenye IPv4 ruta ya katikati inaweza kuikata pakiti vipande. Kwenye IPv6 ruta ya katikati hairuhusiwi kukata, inamrudishia aliyetuma ujumbe kwamba pakiti yako ni kubwa, punguza, na ujumbe huo unasafiri kwa ICMPv6, itifaki ya kupashana habari za hitilafu njiani. Fayawoli ya chuo, ule ukuta wa ulinzi wa mtandao, ilikuwa na sheria ya zamani ya kuzuia ICMP yote, kwa ule woga wa miaka mingi kwamba ICMP ni ya wadukuzi. Kwa hivo seva ya mchapishaji inatuma pakiti kubwa, handaki inaikataa, ujumbe wa kumwambia apunguze unazuiwa na fayawoli yetu wenyewe, seva haijui kitu inatuma tena ileile. Kurasa ndogo zinapita kwa sababu pakiti zake ni ndogo. Na simu haikuruka kwenye IPv4 kwa sababu ile salamu ya mwanzo ni pakiti ndogo, ilipita vizuri, ikaamini njia iko sawa. Mistari michache kwenye fayawoli ikamaliza kila kitu.

Hilo ni somo la mafundi zaidi kuliko la maktaba lakini naliweka hapa kwa yeyote anaejipanga: sheria za fayawoli za IPv4 musizinakili kwenye IPv6 mkadhani mumemaliza. Na jaribuni kwa faili kubwa, si kwa kufungua ukurasa wa kutafuta tu mkapigiana makofi.

Mengine ntapita haraka. Mwanzoni ICT walitaka anwani zote za IPv6 zigawiwe na seva kwa DHCPv6 ili wajue nani ana ipi, laptopu zikapata, simu za Android hazikupata kwa sababu haziombi anwani kwa njia hiyo, na huku kwetu karibu kila mwanafunzi ana Android. Wakaachia simu zijitengenezee anwani zenyewe na kumtambua mtu kwa akaunti yake ya eduroam, na hilo ni bora. Printa za zamani, kamera, na ile mashine ya alama za vidole getini hazijui IPv6 na hazitajua, zimebaki kwenye IPv4 ya ndani. Sioni tabu yoyote hapo. Printa inayochapa ichape.

eduroam sasa. Hii ingekuwa peke yake ningeipa tano. Ilianzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na sahii iko nchi zaidi ya 100, na hapa Kenya iko chini ya KENET. Ukishaiweka kwenye simu yako mara moja kwa akaunti ya chuo chako, ukifika chuo chengine chenye eduroam simu inashika yenyewe, chuo ulichofika kinauliza seva ya chuo chako kama wewe ni wao, ikijibiwa ndio unaingia, na paswadi yako haionekani kwa wale wenyeji. Mwalimu wetu mmoja alikwenda mkutano Nairobi akanipigia kutoka ukumbini kwa furaha kwamba simu imeingia kabla hajauliza paswadi. Na mimi hapa dawatini wageni watafiti wanakuja, wanakaa, wanafanya kazi, siandiki tena paswadi kwenye vikaratasi.

Ila muiweke vizuri. Jina la kuingilia ni lazima liwe kamili pamoja na @ na jina la chuo mpaka .ac.ke mwisho. Ukiandika la mbele tu huenda likakubali hapa nyumbani kisha ukifika kwengine likakataa, kwa sababu seva ya ugenini haijui ikuulizie wapi, na wengi wanalalamika eduroam mbovu kumbe ni hilo. La pili, simu ikikuuliza habari ya cheti, kile kithibitisho cha kidijitali kwamba seva ni ya kweli, usichague ile ya kutokagua. Mtu anaweza kukaa kwenye mkahawa na kifaa chake akakiita eduroam, simu isiyokagua cheti inamkabidhi paswadi. Tumieni apu ya geteduroam, inapanga yote hayo yenyewe, na kama huelewi njoo tukuwekee, ni dakika chache.

Sasa ile nyota. Kabla ya kuhama ICT walifanya orodha nzuri sana ya vifaa, nliiona, ruta zote, swichi zote, seva, printa, umri wake na kama zinakubali IPv6. Orodha ambayo haikufanywa ni ya watu wa nje wanaotutambua kwa anwani zetu. Wachapishaji wa maktaba ni kundi moja tu. Baadae ikaonekana idara ya fedha nayo ina mfumo wa benki uliofunguliwa kwa anwani fulani tu, na ofisi ya mitihani ina seva ya nje inayokubali kutoka kwetu peke yake. Kila mmoja aligundua kivyake, siku yake, na presha yake. Taarifa iliyotoka ilikuwa barua pepe moja ya Kiingereza kizito iliyojaa vifupisho, wanafunzi hawakuisoma na sisi wengine tuliisoma tusijue inatuhusu nini. Kikao kimoja cha nusu siku, ICT, maktaba, fedha, mitihani na wawakilishi wa wanafunzi, kila mmoja aseme ni nani huko nje anaetujua kwa namba, kingeokoa machozi ya yule dada wa uuguzi na safari zote zile za feri. Nimewaambia wenyewe uso kwa uso, na wamekubali, na walipohamisha jengo la mwisho walikuja kwetu kwanza. Kwa hivo si kwamba wana kiburi. Walidhani mtandao unaishia kwenye ukuta wa chuo.

Yaliyobaki mpaka naandika hivi: hosteli bado ziko IPv4 tupu na usiku ule msongamano wa zamani uko palepale, na tarehe ya kuhamishwa hatujapewa. Kampasi ya Likoni iko sawa. Proksi inalemaa kidogo jioni watu wakiwa wengi. Na wachapishaji wawili bado hawajaandikisha anwani zetu mpya, kwa hivo ukiwa maktaba na ukurasa ukakudai dola kwa jarida ambalo liko kwenye orodha yetu, usilipe hata senti, ingia kupitia kiungo cha proksi kilichobandikwa juu ya kila meza, na kikikataa njoo dawatini na kifaa chako, tuko wazi mpaka saa mbili usiku.